Mkaratusi wa Kaloleni na Kesi ya Mwewe

Wiki mbili hizi safu yetu haikutokea kwa kuwa tulikuwa Nairobi, harusini kwa jamaa zetu wa Pumwani. Lakini mtu aliyezoea kuitwa sheikh haachwi akala pilau akarudi zake. Usiku wa Ijumaa, baada ya sala ya Isha, wakatujia wazee watatu wa kamati ya madrasa moja ndogo iliyoko mtaa wa Kaloleni. Walikuwa na kesi, na mshitakiwa alikuwa mti.

Mti wenyewe ni mkaratusi mkongwe uliosimama pembeni mwa ua wa madrasa, na juu yake mwewe wamejenga kiota. Walitueleza kuwa kinyesi chao huanguka juu ya mikeka na karibu na pipa la maji ya kutawadhia. Kwamba huwanyang'anya watoto vitafunio wakati wa mapumziko. Na kwamba mwaka jana tawi kavu lilianguka usiku, na lau lingeanguka mchana lingeua mtu. Mmoja wao, fundi wa magari mwenye umri wa miaka arubaini hivi, alikuwa mkali kuliko wenzake. Alikuwa amekwisha kumpata mtu mwenye msumeno wa mashine, na miadi ilikuwa Jumapili asubuhi. Alichokitaka kwetu ni neno moja tu la sharia, na hata hilo alikuwa nalo tayari.

"Sheikh," alisema, "si Mtume, rehema na amani zimshukie, amemtaja mwewe katika wale watano wanaouawa hata ndani ya Haram?"

Ni kweli amemtaja. Hadithi hiyo ni sahihi, nayo inamweka mwewe pamoja na kunguru, nge, panya na mbwa mwenye kuuma. Hatukuwa na la kuikanusha. Lakini tuliwaomba watupe Jumamosi nzima tukautazame huo mti kabla ya kuuhukumu. Mzee mmoja akacheka: "Mti hutazamwa siku nzima, Sheikh?" Tukamjibu kuwa kadhi hamhukumu mshitakiwa asiyemwona.

Alfajiri ya Jumamosi tulitoka pamoja na kijana wa mwenyeji wetu, mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye Mwenyezi Mungu amempa mapenzi ya ndege. Kila apatapo nafasi siku ya Jumatano hufuatana na watu wa Nature Kenya, ambao huanzia matembezi yao ya kutazama ndege katika Makumbusho ya Taifa. Yeye alikuwa na darubini shingoni na daftari mfukoni. Sisi tulikuwa na bakora, na sambusa mbili zilizofungwa katika karatasi.

Mtu wa Pwani akitajiwa mitaa ya mashariki ya Nairobi, huwaza vumbi, matatu na maghorofa yaliyobanana. Hayo yapo. Lakini mitaa ya zamani haikujengwa hivyo. Pumwani ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, nayo Kaloleni, ambayo jina lake ni jina la mji wetu wa Kilifi, ilijengwa katika miaka ya 1940. Wazee husimulia kuwa mateka wa vita wa Kiitaliano walikuwa miongoni mwa waliotia mkono katika ujenzi wake. Nyumba zake ni za chini, za mawe na vigae, zimepangwa kuzunguka viwanja vya majani, na katika viwanja hivyo ilipandwa miti. Waliopanda wengi wamekwisha kwenda mbele ya haki, lakini miti imebaki: mijakaranda, migrevilea, mikaratusi, na hapa na pale mparachichi wa mama fulani. Tulikwenda mwishoni mwa Oktoba, mijakaranda ikiwa imechanua zambarau tupu bila jani, na ardhi chini yake imetandikwa maua kama sakafu ya nyumba ya harusi iliyokwisha.

Wengi wa wageni hawa wa mimea wana safari ndefu kama ya mabaharia. Mjakaranda asili yake ni Amerika ya Kusini. Mkaratusi na mgrevilea ni watoto wa Australia, na mkaratusi uliletwa nchini mwanzoni mwa karne iliyopita ili kuni zake ziendeshe garimoshi la reli ya Uganda. Hakuna aliyeupanda kwa ajili ya mwewe. Lakini mwewe hutaka mti mrefu, wenye panda imara na upeo wa kutazama mbali, na mkaratusi humpa vyote hivyo.

Kabla ya kufika Kaloleni tulipitia soko la Burma, ng'ambo tu ya mtaa ule, sokoni ambako jina linawakumbusha watu askari waliorudi kutoka vitani Burma. Hapa huuzwa nyama. Jua lilikuwa halijapanda vizuri, nasi tukahesabu mwewe kumi na saba juu ya mabati na nguzo za umeme, wametulia mithili ya watu wanaongoja benki ifunguliwe. Mchinjaji mmoja alitoka na karai la maganda na mafuta, akalimwaga kwenye lundo nyuma ya kibanda. Hata karai halijainuliwa, mwewe wa kwanza alikuwa amekwisha kupita.

Ndugu msomaji, ukitaka kumjua mwewe, mtazame mkia. Una panda, nao haukai tuli. Huuzungusha huku na huku kama nahodha ashikaye usukani wa jahazi katika mlango wa bahari wenye mawimbi ya mkingamo, na mabawa hata hayapigwi. Kijana wetu alitufunza pia kutazama mdomo: mwewe mkubwa wa hapa kwetu ana mdomo wa manjano, mtoto wake ana mdomo mweusi. Na kuanzia Oktoba huja wageni wengine wa jamii yake, wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia, wakakaa nasi mpaka Machi au zaidi. Qur'ani imetuamrisha zaidi ya mahali pamoja tuwatazame ndege juu yetu wakiwa wamekunjua mabawa, tufikiri ni nani awazuiaye wasianguke. Sisi tumezisoma na kuzisomesha aya hizo kwa zaidi ya miaka thelathini. Tukiri kwamba ni mara ya kwanza tulisimama nusu saa kuutii wito wake kwa macho.

Na tulilipa ada ya somo. Tulikuwa tumeinua sambusa ya kwanza, bismillah imo mdomoni, tukahisi upepo sikioni na kucha zikigusa kidole kwa wepesi wa fundi wa kushona. Sambusa haikuwapo tena. Kina mama wa mboga walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Pole, baba," akasema akifuta machozi, "hapa mgeni hujulikana kwa kula njiani."

Kaloleni tuliingia saa tatu. Tulipita karibu na ukumbi wake wa jamii, ambako wanasiasa wa zama za kupigania uhuru, Tom Mboya akiwa miongoni mwao, walihutubia mikutano. Watu wa mtaa bado wanausimulia kwa fahari. Kutoka hapo kijana wetu alitushika mkono ghafla. Njiwa wa mtaa walikuwa wamepaa wote kwa pamoja, na katikati yao akapita ndege mweusi mgongoni, mweupe kifuani, mwenye kasi ya jiwe la teo. Alikuwa kozi. Huyu hana haja na lundo la Burma; hula alichokiwinda mwenyewe, hasa njiwa, na hujenga kiota katika mikaratusi hii hii. Alimkosa njiwa wake, akatua juu ya mgrevilea akionekana amekasirika, kisha akatoweka. Yote haikufika nusu dakika. Kijana aliandika ukurasa mzima.

Ndipo akatueleza jambo lililotunyamazisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha hesabu za ndege wala nyama zilizofanywa barabarani nchini Kenya katika miaka ya 1970 na zile za tangu mwaka 2003. Katika aina 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua. Miongoni mwa walioufanya ni Dakta Munir Virani, Mkenya ambaye kwa miaka mingi amewatetea tumbusi, ndege ambao watu huwaona najisi na kuwacheka, ilhali wao ndio wasafishaji wa mizoga. Tumbusi wengi wameuawa kwa sumu inayotiwa katika mzoga ili kumkomoa simba au fisi. Mwewe wa mjini amestahimili kwa sababu amejifunza kula kwetu. Kwa maneno mengine, uchafu wetu ndio riziki yake.

Madrasa tuliikuta ikiwa na watoto wapatao thelathini, na mti ukiwa kama ulivyoelezwa, isipokuwa ni mzuri zaidi kuliko ulivyoelezwa. Gome lake limebambuka vipande, shina jeupe kama mlingoti. Kiota kilikuwa juu sana, fungu la vijiti. Kwa chini hakuna kilichoonekana ila ukingo wake, na kinyesi kilichotapakaa upande mmoja wa ua. Pipa la maji lilikuwa pale pale, halina kifuniko. Na nyuma ya ukuta, hatua ishirini kutoka shinani, kulikuwa na jaa ambapo majirani hutupa utumbo wa kuku na vichwa vya samaki.

Mtoto mmoja wa kiume, wa miaka tisa au kumi, alikuwa akitufuata kwa mbali. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Ustadh, kiota hakionekani hapa. Kinaonekana juu."

Alituongoza kwenye ngazi ya nyuma mpaka juu ya dari ya zege ya chumba cha ghorofani, na kutoka hapo, kwa darubini, tuliona ndani ya kiota kama mtu anavyoona ndani ya sahani. Kilikuwa kimetandikwa vitambaa, kamba ya plastiki na soksi ya mtoto mchanga, bila shaka zawadi ya mitumba ya Gikomba. Ndani yake makinda watatu. Wawili walikuwa wameanza kuota manyoya ya kahawia. Wa tatu alikuwa mdogo, bado na sufi yake. Mama yao alikuja na kitu chekundu kuchani, akakichana vipande vidogo vidogo, akawalisha mmoja mmoja kwa upole ambao hatukuutegemea kwa jambazi aliyetupora asubuhi. Mtoto yule alijua kila kitu. Alijua mayai yalikaliwa kama mwezi mmoja, alijua baba mwewe hutua tawi gani. Tulipomwuliza amejuaje, alisema huja hapa juu kila alasiri, wenzake wanapocheza mpira. Tulipomwuliza kwa nini hachezi na wenzake, hakujibu.

Jibu tulilipata kwa bibi yake. Alituita kwa chakula cha mchana, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, mwenye asili ya Vanga, aliyeolewa Nairobi akiwa kigori na bado anasema Kivumba chake bila doa. Alipokwisha kutuwekea maji ya kunawa, alikaa mlangoni akasema: "Sheikh wangu, hao waliokuita hawajakwambia mwanzo wa neno."

Mwanzo wa neno ni huu. Mwezi uliopita mtoto alitumwa Burma kununua nyama nusu kilo. Alirudi mikono mitupu, akasema mwewe kaichukua. Baba yake hakumsadiki. Ilikuwa tarehe za mwisho wa mwezi, mfukoni hamna kitu, na kulikuwa na kikundi cha vijana wakubwa wanaocheza kamari nyuma ya kituo cha matatu. Baba akaona mwanawe ameanza uongo na kamari. Akampiga, akampiga mbele ya wenzake, akamwita mwizi. Siku ya nne bibi mwenyewe, akitoka Burma na matumbo yake ndani ya karatasi, aliporwa vivyo hivyo, kucha zikamchana kiganja. Alitufunulia kovu.

"Nikamwendea mwanangu nikamwonyesha mkono. Hakusema kitu. Kesho yake akaanza maneno ya kukata mti."

Baba huyo ni yule fundi wa magari.

Alasiri tulipanda matatu kwenda Dandora, kwa kuwa kijana wetu alitaka tuone mwewe wanapokuwa mamia. Jaa lile lilifunguliwa katika miaka ya 1970; mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa, na hadi leo malori yanaingia. Tuliwaona mwewe wakizunguka juu ya moshi, na korongo wakubwa wenye vichwa vya upara wakitembea kati ya watu wanaookota chupa. Hatukukaa. Watoto walikuwa wakiokota pamoja na ndege, na macho yetu hayakuweza tena kutazama ndege.

Tulirejea Kaloleni jua likizama. Mwewe walikuwa wakirudi mtini mmoja mmoja, na adhana ya Magharibi ikiwa inaanza, akatoka bundi mweupe katika paa la nyumba chakavu, akapita kimya juu ya vichwa vyetu. Mzee mmoja wa kamati akasema "Audhubillahi" na kutema mate pembeni. Tulimkumbusha kwa upole kwamba mkosi wa bundi ni katika mambo ya kijahiliya ambayo Mtume ameyakanusha, na kwamba bundi yule anakula panya wa mtaa mzima bila kudai mshahara.

Baada ya Isha kamati ikakaa ndani ya madrasa, na watoto kadhaa wakajibanza dirishani kama ilivyo desturi yao. Tulianza na fikihi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kinyesi cha ndege ni najisi, hilo halina mjadala. Lakini wanavyuoni wamesamehe kile ambacho ni vigumu kujiepusha nacho katika mahali pa ibada. Pipa lifunikwe, mikeka ihamishiwe upande wa pili. Ama ile hadithi ya watano, tulisema wazi kwamba wapo wanavyuoni waliopendekeza kuuawa kwa wenye kudhuru, wala hatuwezi kuificha rai yao ili tushinde hoja. Lakini sababu waliyoitaja ni madhara, na madhara ya mwewe wa hapa yanaanzia katika jaa lililo nyuma ya ukuta. Kateni mti, mwewe atahamia mkaratusi wa jirani na kuja kula pale pale. Na Mtume huyo huyo, masahaba walipochukua makinda ya ndege mdogo na mama yake akawa anahangaika juu yao, aliamuru warudishwe. Ama matawi makavu, hayo ni haki yao kuyakata, bali ni wajibu, kwa kuwa kuna watoto chini yake. Na ikiwa mti umezeeka, upandwe mwingine sasa, usingojwe uanguke.

Wazee wawili waliafiki. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, akisugua mafuta ya gari yasiyotoka kwenye kucha zake. Akasema, "Mwewe ni mwizi, Sheikh. Hilo hulikatai."

Hatukulikataa. Tukasimulia kisa, tukitazama ukuta wala si yeye. Imo katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Bibi Aisha, Mungu amwie radhi. Kulikuwa na mjakazi mweusi aliyeachwa huru na kabila moja la Waarabu, akabaki kuishi nao. Siku moja binti yao alitoka amevaa mkanda mwekundu wa ngozi, akauweka chini au ukamdondoka. Mwewe akapita, akaudhani nyama, akaunyakua. Watu wakautafuta wasiuone, wakamtuhumu mjakazi. Wakampekua, wakampekua hata pasipopekuliwa mwanamke. Naye akiwa amesimama mbele yao hivyo, mwewe akarudi, akauachia mkanda, ukaanguka katikati yao. Akawaambia: hiki ndicho mlichonituhumu, nami sina hatia. Akaondoka kwao, akaenda kwa Mtume akasilimu, akawa na hema lake dogo msikitini. Kila alipokuja kuzungumza na Bibi Aisha hakukaa bila kuitaja siku ya ule mkanda.

Tukanyamaza. Nje, mmoja wa makinda akapiga mluzi wake mwembamba wa kutetemeka. Hakuna aliyemwuliza fundi kitu. Baada ya kitambo alitoa simu mfukoni, akampigia mtu wa msumeno, akamwambia asije kesho. Akija, aje na kamba na msumeno wa mkono, apunguze matawi makavu tu ya upande wa ua.

Kisha akainua kichwa akatazama dirishani. Watoto wengine walikimbia. Mmoja hakukimbia.

"Njoo," akamwambia.

Mtoto akaingia, akasimama karibu na mlango. Fundi akamtengea nafasi juu ya mkeka, ubavuni pake. Mtoto akakaa, akiacha kwanza nafasi ya mtu mmoja kati yao. Fundi akaisogelea nafasi ile mwenyewe, akamwekea mkono begani, na kwa muda hakusema lolote. Halafu akatuuliza sisi, si mtoto, kwa sauti ya mtu anayezungumzia vipuri, "Hao makinda, Sheikh, wataruka baada ya muda gani?"

Tukatazamana na kijana wetu. Kwa manyoya tuliyoyaona, tukasema, kama wiki tatu.

"Nne, baba," mtoto akasema. "Yule mdogo bado ana sufi."